Mkanda, Wifi na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Gari linalia. Ukiliwasha asubuhi linapiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Mume wangu kabla ya kusafiri kikazi alisema mkanda wa injini umechakaa, nisiuguse, akirudi atalipeleka gari kwa fundi. Lakini Alhamisi mama mkwe anapasuliwa jicho, na dereva ni mimi. Mkanda ukikatika njiani... Sitaki hata kuandika.

Wifi yangu, tunayeishi naye, amesema mezani kwamba bora tukodi teksi, maana mimi hata balbu huibadilisha kwa kumpigia mtu simu. Nimenunua mkanda mpya. Nitaubadilisha mwenyewe. Atanikoma.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa kwenye video anacheka huku anafanya kazi. Mimi nairudisha nyuma kila dakika. Anasema kirola kinachokaza mkanda kina springi kali, spana ikiteleza unaweza kuaga vidole. Nimevitazama vidole vyangu. Navipenda vyote.

Nikavaa glavu za kuoshea choo. Nikatoa waya wa betri. Nikafumba macho, nikavuta spana. Mkanda ukachomoka wenyewe, kiulaini. Nikajiona bingwa.

Kisha nikafumbua macho. Puli, vile vigurudumu vya kupitishia mkanda, zimejaa pale, na sikuangalia mkanda ulipita juu ya ipi na chini ya ipi. Na gari la kwenye video si kama letu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeuzungusha kila namna. Ama unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ama haufiki.

Mama mkwe akatoka uani na mkongojo wake, akauliza gari lina nini. Nikasema linapumzika. Akasema hata yeye angependa kupumzika, ila usingizi umemkimbia kwa kuogopa kisu cha daktari. Anashukuru anakwenda na mimi, kwa kuwa mimi siogopi kitu. Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Nilipotoka nilikuwa na mpango: nitasema hospitali wameahirisha. Nimeshafungua mdomo, wifi akanionyesha simu yake. Juzi aliniona nimefungua boneti nikichungulia, na nilipoingia ndani akapiga picha ya injini, mkanda ukiwa mahali pake.

"Nilitaka kaka aone gari lilivyokuwa kabla hujaliua," akasema.

Nikamwomba hiyo picha. Akasema kwanza nikiri kwamba sijui gari. Nikakiri. Nikaongeza kwamba hata pilau langu huwa linaungua, nafukia tu palipoungua.

Akanishikia tochi. Mimi nikavuta spana, yeye akapitisha mkanda. Springi ikakoroma, tukakumbatiana bila kupanga.

Alhamisi, 6 Machi
Gari halikulia kabisa. Huo ukimya ulinitisha kuliko yowe. Njia nzima nilikodolea macho taa ya betri, ile inayowaka mkanda ukikatika, nikisubiri iwake. Mama mkwe akauliza mbona nasali mimi wakati anayekwenda kukatwa ni yeye. Kutoka kiti cha nyuma nilisikia meno ya wifi yakigongana.

Tukafika salama. Mama mkwe alinishika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Alipotoka, jicho limefungwa bandeji, akaomba chai. Nikakaa chini pale pale kwenye korido.

Jumamosi, 8 Machi
Mume amerudi. Amewasha gari, akasikiliza, akauliza ni fundi gani. Nikamtazama wifi nikingoja aniumbue. Akasema, "Fundi gani? Mkeo," na akaendelea kula.

Mume akaenda kufungua boneti. Alirudi amepauka, akihesabu vidole vyangu kwa macho. Akaniomba, kwa upole unaoogopesha, nisiguse tena kitu chochote chenye nati humu ndani. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Machi
Mume na wifi wamempeleka mama mkwe kubadilishwa bandeji. Nimebaki kufua. Mashine ya kufulia inagonga ikizunguka, kero tupu. Nimefungua mgongo wake, na ndani kuna kimkanda kidogo. Nimekichomoa mara moja.

Picha sikupiga. Mtu mwenye uzoefu wangu hahitaji picha.

Nasikia geti linafunguliwa.