Ukaguzi wa Mashine za Bi Lorena

Kwa niaba ya Kamati ya Wilaya ya Mashine Zilizostaafu, ninayo heshima kuutangazia umma wa Ohio kwamba ukaguzi umekamilika kwa mafanikio. Mimi ni katibu.

Tulishughulikia mashine za kale za kurushia shabaha, zile zilizorusha mipira ya kioo hewani ili watu waipige kwa bunduki. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Wendell Krantz, aliamuru kwamba zilizokufa zitwaliwe na kuhifadhiwa kwenye nyumba yake ya mapumziko kando ya ziwa, kwa usalama wa wananchi.

Bi Lorena Stubblefield alikuwa nazo kumi na moja ghalani. Yeye na marehemu mumewe walizikusanya miaka arobaini, nyingine wakizifukua chini ya mabanda ya kuku. Barua yetu ilipomfikia, alizipaka mafuta moja moja, polepole, kama mtu anayeaga.

Siku ya ukaguzi, wazee wa klabu ya shabaha walipitia hapo na bunduki zao, wakaomba kahawa. Mwenyekiti akaagiza ile kongwe kuliko zote itolewe uani. Akaizunguka mara mbili, akatamka kwamba imekufa. Bi Lorena akamweleza kuwa springi imekazwa, asiguse kamba ya kufyatulia.

"Mama, mimi nina cheti cha ukaguzi," alisema Mwenyekiti.

"Cheti unacho. Vidole vya akiba je?"

Ili mikono iwe huru kusaini hati ya kuitwaa, Mwenyekiti aliuweka muhuri wa wilaya pale pa kuwekea mpira. Kisha, kutuonyesha kifo chenyewe, akavuta kamba.

Muhuri ulipaa juu ya ghala. Mzee Orville Tate, mpiga shabaha wa miaka sitini, hakupata muda wa kufikiri, mikono ilimtangulia na bunduki ikalia. Vipande vilitua kwenye kahawa yetu.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Orville. "Nilidhani ni kioo."

Kwa kanuni alizotunga Mwenyekiti mwenyewe, hati isiyo na muhuri ni batili, na ombi la muhuri mpya sharti lipigwe muhuri. Ofisi imefungwa mpaka muhuri upatikane. Imebaki njia moja tu ya kupata muhuri bila ombi: mwenye mashine athibitishe kwa barua kwamba ilikuwa hai, na kwamba Mwenyekiti alikosea.

Mheshimiwa ameshaifuata barua hiyo mara nne, kofia mkononi. Bi Lorena humkaribisha kwa adabu, humpa kiti, humsikiliza mpaka mwisho, kisha humwambia arudi Jumanne.