Nyonga ya Arlys na Akili Zangu

Jumatatu, 3 Novemba

Bima imepanda! Na haikupanda kistaarabu, kidogo kidogo. Imeruka ua. Leo asubuhi nimefungua ukurasa wa soko la bima la serikali, nikavaa miwani, nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Dola mia sita kwa mwezi tulizolipa mwaka huu zinakuwa elfu mbili na mia moja kuanzia Januari. Ruzuku ya serikali inakufa mwaka ukiisha. Nikapiga simu. Msichana wa watu akaniambia kwa upole kwamba sijasoma vibaya. Nikamwuliza kama bei hiyo ni pamoja na jeneza. Akasema hapana, akanitakia siku njema.

Arlys alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Nyonga ya kushoto ya mke wangu imekwisha, mfupa unasaga mfupa, na daktari amempangia Februari amwekee mpya. Bila bima hakuna Februari. Hakulia. Aliuliza tu sasa itakuwaje, Norbert. Moyo uliniuma, sisemi uongo. Nikamwambia aniachie mimi. Akashusha pumzi ndefu. Nadhani ilikuwa ya matumaini.

Jioni akaja shemeji Lyle, kaka yake. Lyle anaendesha gari la kaunti la kusukuma theluji barabarani, na bima ya kaunti inamtibu mpaka kucha. Ana meno mapya. Alikula pai yetu ya maboga huku akitabasamu bila sababu yoyote. Akasema angekuwa yeye angetafuta kazi ya kuajiriwa kama wanaume wengine. Kuniambia mimi! Mimi fundi wa kukausha vichwa vya kulungu vya kutundikwa ukutani, ninayejulikana kaunti tatu! Nusu ya kuta za kaskazini mwa Wisconsin zina macho ya kioo niliyoyatia kwa mkono huu. Nikamjibu kwamba kuajiriwa ni kwa watu wasio na akili zao wenyewe. Akajikatia kipande cha pili.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamua kuanzia juu. Ukitaka kuua nyoka piga kichwa. Mbunge wetu wa kule Washington siku hizi haonani na watu ana kwa ana, maana mara ya mwisho walimzomea mpaka akatokea mlango wa jikoni. Sasa anafanya mkutano kwa simu. Unasikiliza, unabonyeza namba, unangoja zamu yako ya kuuliza. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na nyonga ndani yake, na Katiba, na mahali pa kutulia kidogo ili watu wafute machozi.

Nikaweka simu kwenye meza ya karakana, sauti juu, nikaendelea na kazi. Bahati mbaya walikuwepo wateja wawili. Mzee Ostrander ni wa Chama cha Tembo toka tumboni. Bi Pulaski ni wa Chama cha Punda, wapinzani wao wakuu, na gari lake zima limebandikwa maneno ya siasa. Mbunge hajamaliza salamu, wameshaanza. Mzee anasema Punda ndio walioifanya bima kuwa ghali tangu siku ya kwanza, ruzuku ilikuwa plasta tu juu ya jipu. Mama anasema Tembo ndio walioua ruzuku kwa makusudi, halafu wanakuja msibani na maua. Mzee akamwambia arudi kwao Milwaukee. Mama akamwambia yeye mwenyewe anatibiwa kwa bima ya serikali ya wazee, mbona haikatai kama anaichukia hivyo? Hapo Mzee Ostrander akashika pembe za kulungu wa mteja mwingine, pembe za ncha kumi, nikaona kazi ya wiki tatu inakwenda na maji.

Nikapiga kelele: "Weka hizo pembe chini, mzee mjinga wewe!"

Ndipo nikagundua zamu yangu ilikuwa imefika. Jimbo zima lilinisikia. Mbunge akasema anashukuru kwa maoni hayo yaliyotoka moyoni, akaenda kwa mtu mwingine.

Hata hivyo nimesikika. Wangapi wanaweza kusema hivyo? Na kwa maoni yangu ya kitaalamu, tembo na punda wote wawili wangependeza zaidi wakiwa ukutani.

Ijumaa, 7 Novemba

Ushindi! Nimegundua njia. Kuna umoja wa Kikristo wa kusaidiana matibabu. Hiyo haiitwi bima, kwa hiyo hakuna bei za bima. Kila mwanachama anatoa kidogo kila mwezi, mmoja akiugua wote wanamchangia na kumwombea. Robo ya bei! Na maombi juu! Masharti ni machache: uwe mtu wa kanisani, usivute tumbaku, usiguse pombe hata tone. Nimeapa kwenye simu, mkono juu, mbele ya mbweha niliyekuwa namshona mkia.

Arlys akauliza je, nyonga wanalipia? Nikamwambia mtu hafiki ugenini akauliza chakula kabla ya kukaa. Akaniuliza tena je, nimeapa kutokunywa, hapahapa Wisconsin, penye bia kuliko maji? Mke wangu ana tabia ya kuona mawingu tu.

Jioni tukaenda baa kula samaki wa kukaanga. Ni Ijumaa, tusipoonekana watu wataanza kupika kwa ajili ya msiba wetu. Niliagiza limau na maji. Mhudumu alinishika paji la uso. Nilikaa imara saa nzima, Lyle pembeni yangu akinywa kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Halafu ikaja bahati nasibu ya nyama. Gurudumu likazungushwa, likasimama kwenye namba yangu! Paja zima la nguruwe, la kukaushwa kwa moshi! Sasa kila mtu hapa anajua taratibu. Mshindi anapanda juu ya kiti, paja mkono huu, glasi ya bia mkono ule, anaimaliza huku baa nzima inahesabu. Kukataa ni kuwatukana waliotoa nyama. Ilitolewa na kikosi cha zimamoto. Nyumba yangu ni ya mbao. Je, ningefanyaje?

Nikainywa. Wakasema walikosea kuhesabu, nikainywa ya pili. Mungu anaelewa mila za watu.

Jumatano, 12 Novemba

Gazeti la hapa limetoka. Ukurasa wa mbele. Mimi juu ya kiti, povu mpaka kwenye masharubu, paja la nguruwe limeinuliwa kama mtoto anayebatizwa. Lazima nikiri nimetoka vizuri. Lyle ameleta nakala tano, kwa ukarimu wake, moja ameshaibandika kwenye friji yetu.

Saa nne akapiga simu Ndugu Tollefson wa ule umoja, mtu mwenye sauti laini kama siagi ya jana. Binamu yake anaishi mtaa wa pili, amemtumia picha. Nikamweleza kwamba ile ni juisi ya tufaa. Akasema juisi ya tufaa haina povu. Nikasema hii ilitikiswa. Nikasikia anageuza karatasi. Kisha akasema wananitoa, ila wataniombea bure. Na nijue pia kwamba nyonga iliyokuwa mbovu kabla ya kujiunga hawailipii kabisa.

Kwa hiyo hakuna nilichopoteza! Nilimweleza Arlys hivyo, kwa furaha. Alikuwa anapanda ngazi wakati huo, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine unaletwa pale pale. Alifika juu akakaa kitandani na koti lake.

Jumapili, 16 Novemba

Nina wazo kubwa kuliko yote. Limenijia kanisani, wakati wa matangazo.

Talaka! Ya makaratasi tu. Arlys akiwa peke yake hana kipato, na mtu asiye na kipato serikali inampa bima ya bure. Nyonga inabadilishwa, tunaoana tena masika, tunakula keki. Niliieleza mezani tukiwa tunakula paja la nguruwe. Niliieleza vizuri, kwa mifano.

Arlys aliweka uma chini. Akauliza friza kubwa anachukua nani. Nikasema ni makaratasi tu, mke wangu. Akasema ndiyo, lakini kwenye makaratasi. Yeye atachukua friza, nyumba, na pikapu, na mimi nitabaki na vichwa vyangu vyote, hatavigusa hata kimoja. Alivitaja upesi sana, bila kufikiri, kama mtu anayesoma sala aliyoizoea.

Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema yeye hakuwa anatania.

Akaingia chumbani na simu yake, na dakika chache baadaye yangu ikalia. Shemeji Lyle, anajitolea kuwa shahidi. Jumatatu ana nafasi, akasema, na Jumanne pia. Huyu mtu ana roho gani?

Jumanne, 18 Novemba

Nimedhalilishwa ndani ya nyumba yangu. Arlys amepata kazi! Hajaniuliza! Jana alikwenda shule ya msingi, akaongea na Bi Dreyer, msimamizi wa jikoni, akatoka na aproni. Kupika chakula cha mchana cha watoto, siku tano kwa wiki. Shule inatoa bima kamili, ya mume pia, kuanzia Januari. Nyonga inalipiwa. Kazi hiyo haitakiwi na mtu yeyote, ndiyo maana haikuwa na foleni.

Nikamwambia hapo jikoni watu wanasimama kutwa. Na nyonga hiyo! Unasimamaje kutwa kwa mfupa unaosaga mfupa ili upate bima ya kutibu mfupa unaosaga mfupa? Nilimwuliza hivyo hivyo, mara mbili, maana mara ya kwanza mimi mwenyewe nilipotea katikati.

Akasema, "Nasimama sasa ili Februari nilale, Norbert. Kama una njia nyingine, leo ndiyo siku ya kuisema."

Nilikuwa na njia mbili, lakini zilihitaji muda kuiva.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili, na nimeona ukweli ulivyo. Nani aliyemtia Arlys hamu ya bima? Nani aliyemwonyesha kwamba njia nyingine zote zimefungwa? Ni mimi niliyezifunga, moja baada ya nyingine. Bila mimi asingefika kwenye lile jiko. Lyle aliposikia maelezo haya alitoka nje kwenda kucheka kwenye theluji. Wivu haufichiki.

Jumatatu, 1 Desemba

Msimu wa kuwinda umeisha, karakana imejaa. Nina vichwa vya kulungu mpaka kwenye bafu. Habari za akili zangu pia zimeenea: Mzee Ostrander ameniomba ushauri wa bima. Nimempa. Bi Pulaski hajaniomba, nimempa pia.

Arlys amerudi saa tisa unusu. Akakaa jikoni bado na wavu wa nywele kichwani, ananuka maharage na sabuni. Nikamwekea mguu juu ya kiti, nikamfungia barafu kwenye taulo. Akasema leo wamepika tambi, na mtoto mmoja amemwambia ni nzuri kuliko za mama yake. Alitabasamu. Nilipogeuka kumletea chai alikuwa ameshalala, kichwa ukutani, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika nyonga kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

Nilimtazama kwa muda. Miaka thelathini na moja tumeishi pamoja, na sijawahi kumwona amechoka namna ile. Nilirudi karakana nikalia kidogo. Gundi huchoma macho, lakini leo sikuwa nimefungua gundi.

Haiwezekani aendelee hivi. Nimeapa. Mwanaume gani anakaa na sindano na uzi huku mke wake anasimama kwa ajili yake?

Ijumaa, 5 Desemba

Tumeokoka! Leo asubuhi mtu amenipigia simu mwenyewe, sikumtafuta hata! Sauti nzuri, ya kujiamini, kama yangu. Ana mpango wa afya ambao makampuni makubwa hayataki tuujue. Dola tisini na tisa kwa mwezi, mke na mume! Hakuna maswali, hakuna daktari, hakuna sharti la bia. Niliuliza hilo mwanzoni kabisa, maana mimi si mtu wa kurudia kosa.

Niliuliza pia kuhusu nyonga, ili Arlys asiseme siulizi. Akasema mpango unalipia kila kitu, isipokuwa upasuaji, kulazwa hospitali, na viungo. Nyonga, akasema, wataitazama kwa jicho la huruma. Kwa jicho la huruma! Lini kampuni ya bima imewahi kukuambia hivyo? Nimempa namba ya kadi pale pale, kabla ofa haijaisha saa sita.

Halafu nikafanya jambo la kiume. Sikutaka Arlys asimame hata siku moja zaidi. Nikapiga simu shuleni, nikamwomba Bi Dreyer. Nikamwambia kwa niaba ya mke wangu kwamba anaacha kazi leo hii, bima yao tunawarudishia kwa shukrani, wampe mwingine mwenye shida. Bi Dreyer aliniomba nirudie neno kwa neno. Bila shaka alikuwa anajikaza asilie. Kisha akasema, kwa sauti ya ajabu kidogo, nisubiri, Arlys yuko hapa hapa, anamwaga viazi. Nikamwambia asimpe simu, asiharibu. Amwambie tu aje nyumbani, mumewe amemwandalia zawadi ya Krismasi mapema. Nikakata.

Nimeandaa meza. Nimewasha mshumaa wenye harufu ya mdalasini. Kijitabu cha mpango mpya nitamsomea baada ya supu.

Naisikia pikapu yake. Mbona mapema hivi? Imekata kona ya kanisa bila kupunguza, na barabara ni barafu tupu. Imepita juu ya sanduku la barua. Sijawahi kumwona mwanamke ana haraka hivi ya kuja kumshukuru mume.