Hodi ya Mdomo Si Hodi

Ofisi ya Taifa ya Hodi na Makaribisho ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la milango limekwisha. Tangu enzi za mababu wananchi wetu wamekuwa wakibisha hodi kiholela, kila mtu kwa sauti aliyojaliwa, bila takwimu wala usimamizi. Sasa hodi imeingia kwenye simu, na atakayebaki nyuma asiseme hakuambiwa.

Nazungumza kama Mkuu wa Kitengo cha Makaribisho, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Nilikuwapo hata siku wazo lenyewe lilipozaliwa. Mkurugenzi wetu alikuwa ofisini kwake na yai zima la kuchemsha mdomoni, mwananchi mmoja akachomoza kichwa mlangoni akasema hodi, hodi humu. Mkurugenzi hakuweza kujibu karibu wala kusema toka. Wakabaki wanatazamana, yai halipandi wala halishuki. Alipofanikiwa kulimeza alitoka nje na machozi machoni, akatuambia hatutavamiwa tena. Siku hiyohiyo tukaunda kamati.

Matunda ya kamati ni programu ya simu iitwayo Hodi. Ni rahisi mno. Unasimama mbele ya mlango, unafungua programu, unachagua aina ya hodi: ya kawaida, ya haraka, ya msiba, au ya kupita tu. Unapiga picha ya uso wako, kisha picha ya mlango, ili mfumo usije ukawachanganya. Unabonyeza. Ndani, simu ya ofisa inalia kama kifaranga, naye anachagua jibu kati ya "Karibu", "Subiri" na "Wewe nani". Akichagua "Karibu", kitasa kinafunguka chenyewe. Asipochagua kitu, mwananchi anapokea ujumbe wa upole: "Hodi yako tunaithamini, endelea kusimama."

Ili watu wasitie mzaha, tulitoa waraka. Kifungu chake kikuu kilisema kwamba hodi ya mdomo si hodi, na kwamba sauti yoyote ya binadamu itakayosikika mlangoni ihesabiwe kuwa kelele za mazingira. Kifungu hicho nilikiandika mimi, na hadi leo najivunia lugha yake.

Hatukuishia hapo. Simu bila vifaa ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila shati, kwa hiyo tukaagiza vifaa rasmi kwa kila mwananchi: kava ya kijani yenye nembo, kamba ya shingoni, protekta ya kioo, na pawabenki ya kuchajia simu yenye uzito wa tofali. Vipimo vya kava tulivichukua kwenye simu ya Mkurugenzi, maana itifaki hairuhusu kupima simu ya mtu mdogo ukairuka ya mkubwa. Kava zilipofika ikaonekana zinaienea simu ya Mkurugenzi peke yake. Simu za wananchi ama zilielea humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake, ama hazikuingia kabisa. Kamati ikakaa, ikabaini kwamba kava hazina kosa. Wananchi wakashauriwa kushika simu mkono wa kulia na kava mkono wa kushoto, hadi hapo watakapopata simu zinazostahili. Foleni nzima ikasimama hivyo, mikono imejaa, ikawa hakuna aliyebaki na mkono wa kugonga mlango. Hilo nalo tuliliingiza kwenye ripoti ya mafanikio.

Sasa nifike kwa bawabu. Mlango mkubwa wa ofisi yetu, inayoshughulikia pia vyeti na viwanja, ulikuwa na bawabu, mtu mzima mwenye sauti nene, ambaye watu walimwita Pita Ndani kwa sababu ndiyo maneno aliyoyasema kutwa. Mtu akibisha hodi, yeye humjibu karibu, pita ndani, unamtafuta nani, nenda mlango wa pili kushoto, ah, huyo leo hayupo, usijichoshe. Kazi yote hiyo aliifanya bila bando. Ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, jambo ambalo sikuwahi kulificha wala kulitangaza. Mkurugenzi alipoutazama muundo mpya wa ofisi akaona kwamba bawabu na programu wanafanya kazi moja. Akanituma nikampe habari kwamba siku ya uzinduzi itakuwa ya mwisho kwake.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake pale mlangoni, nikamweleza kitaalamu.

"Shemeji, hufukuzwi. Nafasi yako imemezwa na teknolojia."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Na watoto wangu nao iwameze, maana sitakuwa na cha kuwalisha."

Nikamjibu kwamba suala la watoto liko nje ya mamlaka ya kitengo changu. Akainuka kumfungulia mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Roho iliniuma, sikatai, lakini roho haina kasma kwenye bajeti yetu.

Habari mbaya hazina breki. Jioni nilipofika nyumbani nilikuta mlango umefungwa. Nikabisha hodi, hakuna aliyefungua. Ndani nilisikia sufuria zikigongana na watoto wakicheka. Nikasema, mama watoto, ni mimi.

"Wanangu, mnasikia chochote?" sauti ya mke wangu ikauliza. "Mimi nasikia kelele za mazingira tu."

Ikabidi nifuate utaratibu. Nikafungua programu, nikachagua hodi ya haraka, nikapiga picha ya uso wangu na ya mlango wangu mwenyewe. Likaja jibu: "Wewe nani." Nikaandika cheo changu chote bila kuruka neno. Likaja jibu: "Subiri." Nikakaa kwenye ngazi na pawabenki magotini, nikijifariji kwamba mfumo haubagui. Jirani alipopita akaniuliza kama nimepoteza ufunguo, nikamwambia niko kwenye majaribio ya kitaifa. Hatimaye mlango ulifunguliwa kwa sababu paka alitaka kutoka, nikautumia mwanya huo. Mke wangu alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Siku kaka yangu atakapotolewa kwenye mlango wake," alisema taratibu, "na wewe huu wangu anza kuuzoea kwa nje."

Kesho yake nikampelekea Mkurugenzi pendekezo kwamba bawabu abaki kama Mshauri wa Vizingiti. Mkurugenzi akasema nafasi ikishamezwa haitapikwi, akaniuliza kama mapambo ya uzinduzi yamefika. Nikamwambia yamefika. Usingizi wangu wiki ile ulikuwa wa mang'amung'amu.

Siku ya uzinduzi tulitundika kitambaa kikubwa kilichoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mgeni mwenyewe alikuwa Waziri. Ratiba ilikuwa hivi: Mkurugenzi angejifungia ofisini kwake, Waziri angebisha kwa programu, Mkurugenzi angebonyeza "Karibu", mlango ungefunguka, wangepeana mikono, kamera zingepiga picha.

Asubuhi Pita Ndani alikabidhi funguo zote za jengo. Mkurugenzi akazifungia kwenye droo ya meza yake, akaziita mabaki ya zama za giza. Shemeji akaruhusiwa kuondoka na kiti chake kama zawadi ya kumuaga, akatoka nacho begani.

Ilibaki kumwandalia Waziri maonyesho ya simu iliyovaa vifaa rasmi vyote. Hapo tulikuwa na chaguo moja tu, kwa kuwa kava iliienea simu moja tu nchini. Basi simu ya Mkurugenzi ikavalishwa kava, kamba na protekta, ikawekwa pamoja na pawabenki yake ndani ya sanduku la kioo ukumbini, na kikaratasi kisemacho "Simu ya Mfano, Usiguse". Mkurugenzi mwenyewe alilifunga sanduku, akautia ufunguo mfukoni. Kisha akaingia ofisini kwake, akanyoosha tai, akaufunga mlango. Kitasa kikajibana. Tulipiga makofi. Hakuna aliyefikiri, kwa sababu kufikiri hakukuwamo kwenye ratiba.

Waziri alikuwa mama mfupi asiyependa kusimama. Alifika, akatoa simu yake, akachagua hodi ya kawaida, akapiga picha zote mbili na kubonyeza. Nyuma yetu, ndani ya sanduku la kioo, kifaranga kikalia. Tukageuka wote kukitazama. Simu ya Waziri nayo ikapokea ujumbe kwamba hodi yake tunaithamini, aendelee kusimama.

Alisimama. Kutoka ndani ya ofisi tukasikia mtu akisema karibu, karibu sana Mheshimiwa. Halafu tukasikia mlango ukisukumwa kwa bega. Kitasa hakikutikisika, kwa maana tulikuwa tumeagiza kile kisichosikia maneno wala funguo.

"Hiyo ni sauti ya nani?" Waziri akaniuliza.

Mbele yangu alikuwa Waziri, pembeni kamera, mfukoni nilikuwa na waraka, na kifungu chenyewe ni changu. Nilijua fika ni sauti ya nani.

"Kelele za mazingira, Mheshimiwa."

Kelele zikazidi. Zikanitaja kwa cheo, baadaye zikanitaja kwa tabia. Waziri akauliza kama kuna njia nyingine ya kumfikia mwenyeji wake. Tukaangalia mahali alipokuwa akikaa bawabu, tukaona sakafu. Ndipo mama wa chai, kutoka nyuma ya umati, akasema ofisi ile ina dirisha, tena ni ya chini.

Tukazunguka nje, Waziri mbele, maofisa wote nyuma, milango yetu tukaiacha wazi kwa haraka. Chini ya dirisha ilikuwapo foleni ya wananchi, simu kulia, kava kushoto, na kando yao Pita Ndani ameketi kwenye kiti chake, hajui aanzie wapi maisha. Dirisha likafunguka. Kichwa cha Mkurugenzi kikatokeza, tai imehamia nyuma ya bega. Akamwona Waziri, akaziona kamera, akawaona wananchi. Alitaka kutoa amri, lakini hakuna aina ya amri inayomtoa mtu dirishani. Alipepesa macho, akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo:

"Hodi."

Wananchi wale tulikuwa tumewafundisha waraka wakaufahamu barabara, wakamtazama tu. Mzee mmoja akamuuliza mwenzake huyo kachagua hodi ya aina gani, mwenzake akajibu kwamba anavyoona yeye ni ya kupita tu. Sitasahau uso wa Mkurugenzi wakati ule. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Ni Pita Ndani aliyeshindwa kuvumilia. Nadhani ulimi wake haukuwa umepata habari kwamba umeachishwa kazi.

"Karibu, mzee," alisema. "Pita." Akasogeza kiti chake chini ya dirisha.

Mkurugenzi akashuka mguu mmoja mmoja, suruali ikibakiza kipande kwenye komeo. Pita Ndani akamshika mkono hadi chini, akamfuta vumbi mgongoni, kisha akaigeukia foleni kwa mazoea. Akawauliza wanangoja nini na milango yote iko wazi. Wa vyeti vya kuzaliwa waende mlango wa pili kushoto, wa viwanja moja kwa moja hadi mwisho, na nyinyi maofisa rudini kwenye viti vyenu, watu wamesimama tangu alfajiri. Tulirudi. Sijui kwa nini, lakini tulirudi. Kabla Waziri hajamaliza chupa yake ya maji foleni ilikuwa imekwisha.

Waziri alitazama uwanja mtupu, akamtazama Mkurugenzi.

"Nimejionea," alisema. "Mlango wako ukifungwa, kazi zinakwenda. Basi ubaki umefungwa. Usijisikie vibaya, Mkurugenzi, hufukuzwi. Nafasi yako imemezwa na teknolojia."

Maneno hayo aliyasoma kwenye ripoti yetu, ukurasa wa mafanikio. Pita Ndani akaambiwa arudi mlangoni na kiti chake. Funguo zimo kwenye droo, droo imo ofisini, ofisi haifunguki, kwa hiyo mlango mkubwa siku hizi haufungwi usiku wala mchana. Simu ya Mfano ingali ndani ya kioo, na kwa kuwa pawabenki ile ni imara, kifaranga kinalia kila mtu anapokosea akambishia Mkurugenzi.

Jioni ile nilikwenda nyumbani mbiombio ili niwe wa kwanza kueleza, maana habari njema huja kwa miguu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikafungua programu, nikachagua hodi ya kawaida, nikapiga picha zote mbili. Likaja jibu: "Subiri." Nikaketi kwenye ngazi yangu.

Baadaye akaja shemeji, ametokea kazini. Akanisalimu, akanipita, akasimama mlangoni mikono mitupu akasema hodi, kwa mdomo. Ndani mke wangu akaitikia karibu kaka, na mlango ukafunguka palepale. Alipokuwa kizingitini akageuka, akaushikilia ubao wa mlango kwa mkono.

"Pita ndani, shemeji."

Kwa mujibu wa waraka, hakuwa na mamlaka ya kunikaribisha. Nikapita.