Rauta Inayotaka Baba wa Binti Apige Hodi

Visiga, Kibaha.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti Tufikiane,
Kibaha.

Ndugu Meneja,

YAH: RAUTA YENU KUINGILIA POSA YA BINTI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima wewe na wote mlio nao ofisini. Sisi huku Visiga tu wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mstaafu wa masijala. Miaka yangu yote ya kazi nilipokea mafaili, nikayafunga na kuyafikisha kwa mhusika bila kuyasoma, ingawa mengine yalikuwa na mambo matamu. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekuandikia anafahamu siri ni nini.

Binti yangu Flora, anayefanya kazi za kompyuta katika ofisi moja Dar es Salaam, ametakiwa uchumba na Justin, mwalimu wa sekondari huko Chole, Kisarawe. Mshenga wao, Mzee Laurean, alishaleta barua ya posa tukaipokea. Ilibaki sisi wazazi tuonane na kutoa kauli. Lakini baba yake Justin, Mzee Athanas, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na barabara ya Chole kwa mvua hizi hata mwenye nyonga nzima anaifikiria mara mbili. Tukakubaliana tuonane kwa kompyuta.

Nikaweka sharti moja tu: maneno yetu yasipitie kwenye kompyuta ya mtu wa tatu. Posa si tangazo. Flora akatafuta programu inayounganisha kompyuta ya Visiga na ya Chole moja kwa moja, akaiweka kwetu, na Justin akaiweka kwao. Jumamosi nikavaa tai, mke wangu Efrazia akatandika kitambaa kizuri mezani, tukakaa mbele ya kompyuta. Tukakaa weee. Hakutokea mtu. Jioni Justin akampigia Flora simu kwamba baba yake amebisha hodi hakufunguliwa, na kwamba kule Chole wamelielewa jibu letu.

Tangu siku hiyo Flora hali nasi mezani. Nikimsemesha ananijibu "ndiyo, baba", kwa adabu inayoniuma kuliko kama angenigombeza. Nami sikumkataa mtu! Ikabidi nichunguze nani amekataa kwa niaba yangu, na nimemkuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Rauta yenu, hicho kisanduku cha intaneti mlichotufungia, inafukuza wageni bila kuniuliza. Flora anasema ndani yake kuna mlinzi aitwaye faiawali, ambaye humpitisha yule tu ambaye mimi nimetangulia kumtumia ujumbe. Anayekuja mwenyewe anaachwa nje, hata awe na heshima zake zote na magongo mawili. Haambiwi tupo wala hatupo. Mbwa wa jirani yangu ni mkorofi, lakini angalau hubweka mwenye nyumba ajue kuna mtu.

2. Kompyuta yangu haina anwani yake huko nje. Mmetuweka wateja wa mtaa mzima nyuma ya anwani moja. Hili nalielewa kidogo, maana zamani barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la usharika. Tofauti ni kwamba mwinjilisti alipopata barua ambayo hakujua ni ya nani, alitangaza baada ya ibada. Ninyi mnaitupa.

3. Ili kuvuka vikwazo hivyo, programu inatumia kompyuta nyingine kama mshenga, iliyoko nchi ambayo Flora mwenyewe haijui. Mshenga huyo anawaambia Chole tulipo, anatuambia walipo, kisha anaondoka. Ndugu Meneja, ni mshenga gani huyo anayeondoka kabla ya chai? Mzee Laurean alikaa kwetu mpaka tukaanza kumwonyesha dalili za kumuaga. Nilipompigia fundi wenu, akashauri basi mazungumzo yote yapitie kwa huyo mshenga. Nikamuuliza kama yeye aliposa kwenye kijiwe cha bodaboda. Akakata simu. Hilo nalo ni lalamiko, ila sijaliwekea namba.

4. Hapa ndipo uvumilivu uliponiishia. Ili mawasiliano yafunguke, pande zote mbili lazima zibonyeze "Unganisha", kila upande utoke nje kumtafuta mwenzake. Ujumbe wangu ukitoka, rauta yangu inajua kwamba Mzee Athanas ni mgeni ninayemngojea. Wake ukitoka, ya kwake inajua ananingojea mimi. Sasa soma taratibu: BABA WA BINTI APIGE HODI KWA WAOAJI. Tangu lini? Watu wa hapa Visiga waseme nini, kwamba Lusajo amechoka kumlisha mwanawe sasa anamtembeza kwa kompyuta? Jumamosi ile nilikataa kubonyeza. Nikamkataza Efrazia. Flora alipoomba abonyeze yeye, nikaona hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mzee Athanas naye ni mstaarabu: alibonyeza mara tatu, kama hodi tatu za mtu muungwana, akaona kimya, akaacha. Yeye hana kosa. Mimi sina kosa. Unabaki wewe.

Kwa hiyo naomba rauta ifundishwe kujua upande wa mume na upande wa mke, na huu wa mke usilazimishwe kutoka nje. Wakati mnaifundisha, mteueni afisa aende Chole, na gari likikwama atembee, akamweleze Mzee Athanas kwamba aliyemfungia mlango ni mashine. Avae shati la mikono mirefu. Asikae mpaka akaribishwe. Na kama yote hayo yatawashinda, basi naomba rauta ihudhurie kikao chetu cha ukoo na ihesabiwe kuwa mjomba, kwa kuwa imeshaanza kuamua nani aoe nyumbani kwangu. Tutaipa kiti. Tutaitaka itoe sababu zake kwa sauti, na siku ya harusi, kama itakuwepo, itatoa nasaha kwa maharusi kama wajomba wengine.

Nawasalimu nyote, pamoja na yule fundi, ila zake zifikishwe kwa ufupi. Efrazia anakusalimu. Flora angekusalimu kama angekuwa anazungumza.

Wako niliye bado mbele ya kompyuta na tai shingoni,

Lusajo Mwangomo

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa; na Mzee Laurean, mshenga.

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Efrazia. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Baba Flora, huyu kijana unamtaka au humtaki?" Nikasema namtaka, tena sana, maana mwanangu akishaongea naye hutabasamu peke yake hadi jikoni. Akasema, "Sasa mwenzio atajuaje?" Nikainyoosha tai. Basi nikabonyeza.

Mara kioo kikajaa uso wa Mzee Athanas. Kumbe mzee wa watu, na ustaarabu wake wote wa hodi tatu, amekuwa akibonyeza tangu Jumapili kila watu wa kwao wakitoka sebuleni. Tulitazamana kama wezi waliokutana shambani. Flora aliposikia sauti yake alitoka chumbani mbio, akaketi sakafuni miguuni pangu, akilia na kucheka, nami nikalia kidogo. Kauli imetolewa. Tumekubali.

Baadaye Flora alinieleza kwamba rauta zetu hazijui nani alianza: kila moja inaamini ujumbe wa kwake ndio uliotoka kwanza, na wa mwenzake ukaitikia. Nilitaka kudai hilo lisahihishwe, lakini Mzee Athanas amesema ya kwake iachwe iendelee kuamini hivyo. Nikaitazama ya kwangu, nikaona na mimi nitasema hivyo hivyo: nilitoka mimi kwanza kumtafuta. Tafadhali msiiguse.