Maiti Mwenye Neno Moja

Jumapili, 1 Juni

Jumapili ya kufunga. Sijala tangu jana, na Hénock amepewa kipaza sauti. Mateso mawili kwa mpigo.

Kanisani kwetu (sisi ni Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao majirani hapa Malvern wanatuita Wamormoni na kutuuliza kama kweli hatunywi hata chai) kila Jumapili ya kwanza ya mwezi yeyote anaweza kusimama na kutoa ushuhuda. Hénock akasimama. Fundi cherehani wa Troyeville, sauti ya redio mbovu. Ameshuhudia kwamba amechaguliwa kuwa mtume katika video ndogo ya kanisa. Mtume! Ameshafuga ndevu. Kina mama walifuta machozi. Mimi nina miaka kumi kwenye filamu za Johannesburg: mlinzi mara tisa (na kwa kuwa mimi ni mlinzi kweli, kwenye ghala la matairi, hiyo si hata sanaa), mpita njia mara ishirini na kitu, maiti mara tatu. Hakuna aliyewahi kunifutia chozi.

Baada ya ibada Askofu Mureithi akatuita mimi na Jocelyne. Ni Mkenya wa benki, mtu wa saa na kalamu. Hekalu la Parktown limetupa nafasi: Jumamosi hii, saa nane mchana. Tutaunganishwa, mimi, mke wangu na Victoire wetu, tuwe familia moja hata ng'ambo ya kaburi. Victoire alifariki akiwa na miezi kumi na minne. Miaka tisa sasa. Thérèse, mdogo wake Jocelyne, atakuja kwa basi kutoka Lubumbashi kumsimamia, kwa sababu hekaluni aliye hai husimama mahali pa aliyekufa.

Tumeshaahirisha mara mbili. Mara zote mbili kwa sababu yangu. Jocelyne alimuuliza askofu mara tatu kama tarehe hii ni ya uhakika, na mara zote tatu alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 2 Juni

Fiona wa wakala wa waigizaji amepiga simu! Tamthilia ya polisi. Maiti tena. Lakini maiti mwenye NENO! Mpelelezi anavuta droo ya mochari, maiti anafumbua macho na kumwambia: Umechelewa. Miaka kumi nimesubiri kufungua mdomo. Nimeupiga teke ukuta wa choo kwa furaha, nimeumia kidole.

Siku: Jumamosi.

Siku ileile ya hekalu. Nikauliza saa ngapi. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, na Fiona anasema watamaliza saa tano asubuhi. Saa tano! Kutoka Jeppestown, wanakopigia picha, hadi Parktown ni nusu saa, hata robot zote, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Nitafika nimeoga, nimekula, nimepiga pasi. Nikasema ndiyo.

Jioni ilikuwa jioni ya familia, kama kila Jumatatu. Familia yetu ni watu wawili na picha ya Victoire. Jocelyne aliimba, akaniuliza kama suruali yangu nyeupe ya hekaluni bado inanitosha. Nikamwambia nina zamu ghalani Jumamosi asubuhi. Akauliza kama siwezi kubadilishana na mwenzangu. Nikasema bosi ni mkali, hana huruma. Bosi wangu ni mpole kupita kiasi, alinipa koti lake mwaka jana. Kumsingizia kuliniuma kidogo.

Siku Victoire alipofariki nilikuwa kwenye majaribio ya tangazo la sabuni. Sikuchaguliwa. Sijui kwa nini naandika hili.

Jumatano, 4 Juni

Kibali changu cha kuingia hekaluni kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo leo nimehojiwa na askofu. Mlango umefungwa, watu wawili tu. Kahawa? Situmii. Chai, pombe, sigara? Wala. Kisha likaja lile swali la kama ninajitahidi kuwa mwaminifu katika yote ninayofanya.

Nikatumia uso namba nne: macho chini kidogo, pumzi moja ndefu, halafu ndiyo ya taratibu. Akasaini! Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza, na hapakuwa na kamera hata moja. Hénock na ndevu zake hawezi.

Wakati natoka, askofu akasema Jocelyne amemwambia kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Akiangushwa tena hataomba tarehe nyingine. Akasema alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtia hofu. Nilimpa mkono, akaniuliza kwa nini ni wa baridi. Nikasema eish, baridi ya Juni hii.

Ijumaa, 6 Juni

Thérèse amefika. Siku tatu ndani ya basi, miguu imevimba kama mikate. Ameleta samaki wakavu na unga wa muhogo. Yeye ndiye aliyekuwa na Jocelyne hospitali siku ile, ndiye aliyemshika mtoto mkono. Ananisalimia kwa heshima, shemeji hiki, shemeji kile, lakini hanitazami usoni.

Nilijifungia bafuni kufanya mazoezi ya neno langu. Umechelewa, kwa huzuni. Umechelewa, kwa kisasi. Nilipotoka nilimkuta Thérèse mlangoni, analia. Ananiomba radhi kwamba basi lilikwama mpakani, si kosa lake. Nikamsamehe. Ningemweleza nini?

Saa kumi na mbili jioni Fiona ametuma ratiba. Mimi ni onyesho la sita kupigwa. La sita! Saa tano hatutakuwa tumelifikia. Lakini kichwa changu hakilali. Nikawaza: ikiwa wafu, ambao hawana hata miguu ya kuja nayo, wanasimamiwa hekaluni, sembuse mtu mzima aliyekwama Jeppestown? Nimempelekea Hénock, ambaye atakuwepo kama shahidi, ujumbe wa sauti. Nimemweleza yote: kwamba niko kwenye filamu, kwamba Jocelyne asijue, na kwamba nikichelewa anisimamie mahali pangu, apige magoti, aseme ndiyo, nami nitakuja kumalizia. Amejibu kwa kidole gumba na uso unaocheka. Sharp! Sikutegemea angekuwa mwepisi hivyo. Labda utume unamfaa.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika jikoni. Nyumba kimya.

Saa kumi na moja nilikuwepo. Dada wa vipodozi alinifanyia kazi saa moja na nusu: midomo ya bluu, jeraha shingoni, mshono wa daktari kifuani hadi kitovuni. Simu yangu ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na za wengine. Baridi ya ajabu, na mimi na taulo tu. Walinipa kahawa ya moto, nikakataa. Nimemdanganya mke wangu, askofu wangu na shemeji yangu, nimemchafulia jina bosi wangu, lakini kahawa sijaigusa.

Mpelelezi mwenyewe, yaani mwigizaji wake, alikuja saa tatu. Kisha umeme ukakatika, jenereta ikatafutwa. Saa tano walikuwa onyesho la pili. Saa saba nikamwendea Sidney, msimamizi wa seti, nikamwambia nina jambo la familia Parktown. Hakunikatalia. Alisema niende tu, yule bwana wa machela, mwigizaji mdogo kama mimi, naye anaweza kulala kwenye droo, na neno lenyewe ni moja.

Mlango ulikuwa wazi. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mlango ulikuwa wazi, jua liko nje, nilikuwa na saa nzima. Nikafikiria bwana wa machela akisema neno langu. Nikamwambia Hénock moyoni: simama vizuri, ndugu. Nikarudi kwenye droo.

Tulipiga picha saa tisa. Nililala. Droo ikavutwa. Nikafumbua macho, nikalisema. Nililisema vizuri mno! Mwongozaji akatazama skrini yake, akakuna kidevu, akasema tena, lakini nisiseme kitu wala nisifumbue macho. Akasema nikiwa kimya natisha zaidi. Mara nne. Kimya mara nne.

Sikungoja kunawa. Nilivaa koti juu ya mshono nikakimbia. Dereva wa kwanza wa teksi aliniona, akafunga milango, akaondoka. Wa pili, Mrundi anayeitwa Gaël, alinipakia lakini alisali kwa sauti njia nzima. Nikafika Parktown saa kumi na dakika ishirini.

Walikuwa nje ya geti, kwenye ukuta mfupi: askofu, Hénock, Thérèse, na Jocelyne na mfuko wa nguo nyeupe mapajani. Jocelyne akaniona. Akaangusha mfuko, akanikimbilia akipiga kelele jina langu. Miaka mingi hajaniita hivyo. Akanishika shingo kwa mikono miwili kuziba jeraha. Kisha akaitazama mikono yake. Akanusa vidole. Sharubati, ile wanayotumia kama damu kwenye filamu.

Hénock hakuweza kunitazama. Alieleza kwamba alidhani namtania, kwamba kila mtu anajua wanaosimamiwa ni wafu tu, aliye hai lazima aje mwenyewe. Saa nane ilipopita, Jocelyne aliamini nimepata ajali, akataka kuzunguka hospitali zote. Ndipo Hénock, kwa kumhurumia, akawasikilizisha ujumbe wangu. Jocelyne aliusikia wote. Na bado aliponiona na damu alikimbia.

Akafuta vidole kwenye koti lake, taratibu, kimoja kimoja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ningekuwa maiti wa kweli ningesimamiwa, na leo Victoire angekuwa na baba.

Kisha akaokota mfuko.

Jumatatu, 9 Juni

Thérèse amepanda basi asubuhi. Nilibeba begi lake hadi kituoni, akalichukua mlangoni mwa basi bila kuniita shemeji. Hatarudi, hana likizo nyingine wala miguu mingine.

Nilirudi nikakuta Jocelyne amehamia La Rochelle, mtaa wa hapahapa Johannesburg, chumba cha dada mmoja wa kanisani. Ameacha sufuria, ameacha televisheni. Picha ameichukua. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Nimekaa nikautazama hadi chakula kikaungua, nikalia, kwa sauti, kama mtoto. Hakukuwa na mtu wa kunisikia, na sikuangalia kioo hata mara moja.

Alhamisi, 12 Juni

Askofu Mureithi amekuja na mkewe, Monicah. Alinyoosha mkono kudai kibali changu, kisha Monicah akamgusa bega, akaurudisha. Monicah amelala La Rochelle siku mbili akiongea na Jocelyne. Kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu, Jocelyne amekubali tarehe nyingine, mara hii moja tu. Jumamosi tarehe 28, saa nane mchana. Monicah mwenyewe atamsimamia Victoire. Nikikosekana, Jocelyne hatafungua mlango tena kwa mtu yeyote mwenye habari zangu. Askofu akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Safari hii bila uso wowote, nilimaanisha. Nilipiga magoti walipoondoka. Nimebadilika. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA.

Usemi ule wa Jocelyne getini nimeuandika nyuma ya daftari. Ukiuondoa uchungu wake, ni usemi mzuri mno, unafaa mwisho wa filamu. Nitacheza mume. Hénock anaweza kuwa askofu, akinyoa.

Saa kumi Fiona alipiga simu. Mwongozaji hajawahi kuona mtu anayejua kulala vile. Wanataka maiti yuleyule, sasa katika mazishi, jeneza wazi, kamera usoni dakika nzima. Na mwishoni, anasema, huenda neno likarudi.

Siku: tarehe 28. Nimemuuliza Fiona mara tatu, kama anavyouliza Jocelyne, na mara zote tatu amenihakikishia. Watamaliza saa tano asubuhi.