Habari za Fundi Suti, Aliyeitiisha Tofu kwa Kikaangio cha Hewa

Sogeeni, enyi wapenda habari! Nanyi mliowahi kuunguza sufuria mkasingizia jiko, sogeeni zaidi, maana haya yanawahusu. Zimeni redio, mpakateni mtoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa kuwa nataka kuwasimulia vita vikuu vilivyopiganwa juu ya meza ya jikoni, kati ya shujaa mmoja mwenye utepe wa kupimia shingoni na adui mweupe, wa pembe nne, aliyejaa maji tele, asiye na mfupa wala haya. Ewe ulimi wangu, usinitupe leo! Usiteleze, usipunguze, na ukiongeza, ongeza kidogo tu watu wasijue.

Shujaa wetu aliitwa Fundi Suti. Huyo ndiye Mkata Kitambaa Asiyerudia, Mtia Vifungo vya Mabwana Harusi, Mpiga Pasi Mkuu wa mtaa mzima. Wenye vitambi waliingia kwake na huzuni wakatoka wamenyooka. Lakini jikoni, jamani, alikuwa mgeni. Aliweza chai tu, na hiyo chai mkewe aliinywa kwa heshima ya ndoa.

Naye alikuwa na binti mmoja, wa pekee, aliyeitwa Vyuma kwa sababu ya kunyanyua vyuma, tena vyuma ambavyo baba yake asingeweza kuvisogeza hata kwa mguu. Binti huyu aliacha nyama, akaacha mayai, akaacha na maziwa. Kocha wake akamwambia, sawa, acha vyote, ila protini usiache. Sasa kwa Fundi Suti chakula kisicho na nyama maana yake ilikuwa wali na kabichi, na kwa wali na kabichi hakuna chuma kinachotoka sakafuni. Ndipo Shangazi, dada mkubwa wa shujaa, mwanamke mwenye sauti na mwenye gari, akaanza kumwalika mtoto jioni. Kwa Shangazi kulikuwa na dengu, na soya, na karanga za kila namna. Mwanzoni binti alirudi ameshiba, baadaye akawa anarudi amechelewa, hata siku moja akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Baba, Shangazi amesema nihamie kwake kabisa. Ni karibu na mazoezi, halafu chakula kipo. Atakuja kunichukua Jumamosi jioni."

Cherehani ikanyamaza. Wengine wangewaambia kwamba shujaa hakutikisika. Uongo mtupu! Aliumia, akaumia sana. Alimwona mtoto yule yule aliyekuwa akisinzia juu ya marobota ya vitambaa, akamwona anatoka na mizigo yake, na yote hayo kwa kosa la dengu. Basi akainuka, akajinyoosha, akanena:

"Ewe binti yangu, niliyekushonea sare tangu chekechea na kuzipanua mabega kila mwaka! Je, utatoka katika nyumba hii kwa sababu ya njaa, na mimi baba yako nipo na mikono yangu yote? La hasha! Nipe Jumamosi hiyo hiyo. Nitakuwekea mezani chakula kisichojua nyama wala yai, chenye protini ya kuinua nyumba, na kisipolika, mimi mwenyewe nitakubebea mizigo mpaka kwenye gari!"

"Wewe, Baba? Upike?" Vyuma akaangua kicheko. Kisha akautazama uso wa baba yake, kicheko kikamkauka. "Haya. Nikishiba, sihami. Lakini nishibe kweli, Baba, siyo kushiba kwa adabu."

"Kwa adabu hapana," akaapa shujaa.

Na silaha je? Chini ya meza ya kukatia, ndani ya boksi lililozikwa na mabaki ya vitambaa, kilikuwepo kikaangio cha hewa, zawadi ya Shangazi huyo huyo. Naam, silaha ilitoka kambi ya adui! Kilikuwa cheusi, kinene, chenye droo tumboni na kikapu ndani ya droo, na kazi yake ilikuwa kupuliza upepo wa moto hadi chakula kikauke ngozi bila kuogelea kwenye mafuta. Fundi Suti akakifuta vumbi kwa kipande cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, akakipa heshima zake, akakipandisha mezani.

Jumamosi ilipofika, mkewe, mkunga hodari, alikuwa ametoka zamu. Aliketi kwenye stuli pale jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, akatangaza msimamo wake.

"Mume wangu, mimi leo nimepokea mapacha, tena wabishi. Sipiki, sioshi. Natazama tu."

Shujaa akamfungua adui wake kutoka kwenye karatasi. Huyo adui ndiye tofu, jibini la soya, laini, baridi, na alipomgusa tu, maji yakamwagika hadi kwenye kiwiko. Wengi wangekata tamaa hapo. Lakini Mpiga Pasi Mkuu hajawahi kushona nguo mbichi, wala hataanza uzeeni. Alimviringisha tofu kwa kitambaa safi, akamlaza juu ya ubao, akamwekea mgongoni pasi yake ya chuma, ile nzito ya zamani, bila kuiwasha. Maji yakatoka, yakatoka, yakaendelea kutoka.

"Hapo umenifurahisha," akasema mkunga, naye si mtu wa kusifu ovyo.

Kisha akampima adui kwa utepe. Alitaka na kumchora kwa chaki, mkewe akakohoa, akairudisha chaki mfukoni. Alikata vipande vilivyolingana kama vifungo vya koti moja, na kila kipande akakiachia akiba kidogo, kwa kuwa kitu kikipata moto hupungua. Akavilowesha katika sosi ya soya, kitunguu saumu, pilipili manga na maji ya limau, akavipaka wanga wa mahindi hadi vikawa na vumbi kama vifaranga. Dengu alikuwa amezichemsha tangu mchana, sasa akazikausha moja baada ya nyingine kwa taulo, kwa subira ya mtu anayetunga shanga. Mambo yalikuwa yanamnyookea vizuri mno, na hapo ndipo, ole wake, ufundi ukampanda kichwani.

"Sijawahi kutoa kazi isiyo na bitana," akanena, "na leo sitaanza!"

Akachukua karatasi yake ya kuchorea mitindo ya suti, akakata duara safi, akaitandika ndani ya kikapu kitupu. Halafu, kama apashavyo pasi kabla ya nguo, akafunga droo, akakiwasha kikaangio kipate moto kwanza.

Upepo ukavuma. Karatasi, isiyo na kitu cha kuikalia, ikainuka kama shuka kwenye kamba, ikaenda kukumbatia waya unaowaka juu. Moshi ukatoka kwa mbele, ukatoka kwa nyuma, ukashuka mezani ukamtafuta shujaa mwenyewe machoni.

"Fundi! Chomoa waya!" akapiga kelele mkunga. Hakutoa miguu kwenye beseni, ila alinyoosha ufagio akasukuma dirisha likafunguka.

Shujaa akajitosa ndani ya wingu lile, macho yakimtiririka, akapapasa ukuta, akaipata plagi, akaing'oa. Vyuma akaja mbio kutoka chumbani. "Baba! Kuna nini?"

"Rudi nyuma, mwanangu! Bado napigana!"

Na katika saa hiyo hiyo ya giza, nje honi ikalia. Shangazi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwahi popote, siku ile aliwahi. Akaingia bila hodi, akipepea mkoba mbele ya pua.

"Mdogo wangu, unapika au unafukiza mbu? Njoo, mwanangu, twende zetu. Kwangu chakula kiko tayari."

Vyuma akamtazama shangazi yake, akamtazama baba yake, ambaye masizi yalimkaa juu ya pua. Hakusema kitu. Na Fundi Suti akaogopa. Hakuogopa moshi, aliogopa ule ukimya wa mtoto wake, kwa kuwa alijua anatafuta namna ya kumwambia kwaheri bila kumuumiza.

"Dada, keti," akasema, na sauti yake haikuwa ya shujaa hata kidogo. "Nakuomba. Keti kidogo tu."

Shangazi, kwa mshangao, akaketi. Akakitazama kikaangio. "Hicho si nilichokupa mimi?"

"Ndicho."

"Na muda wote huu hukuwahi kukifungua?"

"Nilikuwa namsubiri adui wa kiwango chake."

Mkunga akacheka hadi maji yakamwagika kutoka kwenye beseni. Kicheko kile kikamrudishia shujaa roho yake. Akasubiri chombo kipoe, akabandua majivu, akainama akakichunguza kikapu, akayaona matundu yake. Akaelewa. Upepo ulitaka njia, naye alikuwa ameuzibia kwa bitana! Basi akakipaka mafuta kwa kidole, akapanga vipande safu moja, kila kimoja na nafasi yake, akafunga droo. Akakiwasha tena huku wote wakibana pumzi. Upepo ukavuma, na safari hii hakuna kilichoruka. Katikati ya mapambano akaivuta droo, akakung'uta kikapu kama akung'utavyo koti la mteja, akarudisha. Baada ya tofu, zikaingia dengu. Wakati huo akakoroga siagi ya karanga na limau na pilipili na maji ya moto, na kabichi, ambayo ilikuwa imedharauliwa sana katika nyumba ile, akaikata nyembamba kama uzi.

Akaweka sahani mbele ya binti yake, akarudi nyuma, akashika utepe kwa mikono miwili.

Vyuma akachukua kipande kimoja, rangi ya dhahabu, akakichovya, akauma. Kwaruu! Mlio ule ukasikika jikoni kote. Akatafuna. Akachukua kingine. Akachukua viwili kwa pamoja. Shangazi akanyoosha mkono kwenye sahani, mkunga akaupiga kofi dogo. "Wifi! Ya mtoto hiyo." Binti akahamia kwenye dengu, akizitafuna kama karanga, akapangusa sosi kwa kidole, akakilamba kidole, akaegemea kiti.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Kesho tunapika nini?"

Shujaa alitaka kujibu kwa hotuba. Badala yake aliketi juu ya boksi la kikaangio, likabonyea, naye hakujali, akafuta macho kwa ncha ya utepe wake mbele ya watu wote. Shangazi akageukia dirishani akadai kwamba moshi bado upo.

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe, na msifupishe! Andikeni kwamba alikuwepo Fundi Suti, Mkamua Tofu kwa Pasi, Mshinda Moshi, Mfungulia Upepo Njia, aliyemshibisha mnyanyua vyuma kwa mikono yake miwili bila hata mfupa mmoja. Andikeni pia kwamba jioni ile hakuna aliyehama nyumba ile. Aliyeondoka ni Shangazi peke yake, tena aliondoka na bakuli la dengu chini ya kwapa.