Miguu ya Alhamisi Kuu

Jumapili, 13 Aprili

Nimechaguliwa! Alhamisi Kuu Padre Nalianya ataosha miguu ya waumini kumi na wawili, na mimi, Githongo, fundi wa rangi, ni mmoja wao. Sawa, sikuchaguliwa. Nilisimama kabla Padre hajamaliza kuuliza. Sababu ni hii: Padre ataosha, lakini atakayepangusa kwa taulo ni Nashipae wa kwaya. Mjane. Mimi pia nakaa peke yangu tangu mama ya binti yangu Waithera alipotuacha. Mwaka mzima natafuta neno la kumwambia Nashipae zaidi ya "Tumsifu Yesu Kristu". Sasa atashika miguu yangu mbele ya Kitengela yote!

Masila wa duka la viatu naye akasimama. Anamtaka pia. Anajidai anapenda nyimbo tu.

Nimerudi nyumbani nikavua soksi. Mungu wangu. Hivi si visigino, ni mto uliokauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemuuliza Jentrix, jirani anayesuka nywele hapa kwa ploti, dawa ya visigino. Nikasema ni kwa ajili ya shangazi. Akaangalia kandambili zangu, akasema shangazi aloweke miguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, asugue visigino taratibu kwa jiwe la miguu, akate kucha kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha pembe, apake mafuta na alale na soksi. Arudie kila jioni. Ataona tofauti polepole.

Polepole! Alhamisi iko mlangoni!

Chumvi kidogo ni ya watu wenye nafasi. Nimetia magadi, ile ya kulainisha githeri. Kama inashinda mahindi makavu, kisigino ni nani? Imechoma! Nimeruka, beseni likapinduka, maji yakapita chini ya mlango mpaka kwa Jentrix. Akauliza kupitia ukuta kama shangazi yuko salama.

Jumanne, 15 Aprili

Jiwe la miguu sina. Niko na msasa, ule mkali wa milango. Kisigino cha kulia kilianza vizuri. Unga mweupe ukaanguka, nikaanza kuimba. Nikaimba beti zote. Hapo ndipo nilipokosea.

Leo natembea kwa vidole. Masila akaniona nje ya duka lake, akauliza nani amenikanyaga. Halafu, bila kuulizwa, akaniambia yeye miguu yake inatengenezwa Nairobi na msichana aliyesomea hiyo kazi. Nikamwambia mwendo huu ni toba yangu ya Kwaresima. Akarudi ndani ya duka. Ushindi!

Jumatano, 16 Aprili

Nyufa bado ziko. Ule wa kushoto unashika njiti ya kiberiti na njiti inasimama wima. Nimejaribu.

Nikaketi nikafikiri kama fundi. Ufa ni ufa. Fila! Ule unga wa kuzibia nyufa za ukuta. Nimekoroga kidogo, nikajaza, nikalainisha kwa kidole, nikaacha ikauke. Nyufa zimepotea! Visigino vya mtoto mchanga! Kucha nimekata pia, pembe nikazizungusha kwa urembo. Kidole kikubwa kinalalamika.

Nimemwita Jentrix aone. Habari ya shangazi tumeiacha. Aliinama akagonga kisigino kwa ukucha. Kisha akasema, "Mzee Githongo, na hiyo ikiguswa na maji?"

Maskini. Hajui chochote kuhusu kazi ya rangi.

Alhamisi, 17 Aprili

Masila aliketi kabla yangu. Miguu yake ilikuwa inang'aa, lazima nikubali. Padre akaosha. Nashipae akapangusa huku, akapangusa kule, basi. Akaja kwangu.

Padre akamwaga maji. Yakageuka maziwa. Padre akainua macho kwenye dari, ambayo niliipaka mimi mwaka jana. Akaona iko sawa. Akamwaga tena. Kipande kizima kikatoka kisiginoni, kikaanguka ndani ya beseni. Tub! Sauti ya kwanza ya kwaya ikapoteza wimbo.

Nashipae akapiga magoti na taulo. Akanong'ona, "Hii ni nini?"

"Fila."

"Ya ukuta?"

"Ya ukuta."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Akatoa vile vipande kimoja kimoja kwa ncha ya taulo, polepole, asiniumize. Masila alipata mipanguso miwili. Mimi kwaya ilirudia wimbo mzima na bado nilikuwa na mguu mmoja mikononi mwake.

Kabla hajainuka akasema, "Baba Waithera, umejiumiza. Kesho kutwa uje nyumbani nikuonyeshe."

Nyumbani! Nashipae! Mimi!

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeenda kwake, upande wa Isinya. Aliweka mabeseni mawili nje, moja langu, moja lake. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Tukaketi miguu ikilowa, tukiangalia mbuzi. Akaniambia alikulia Rombo akichunga, na visigino vyake zamani vilikuwa vibaya kuliko vyangu. Hufanya hivi kila Jumamosi, hana haraka. Akanipa jiwe, akaniambia nisisugue palipochubuka. Halafu mafuta, halafu soksi safi. Hakuna kilichochoma! Nimejua anakunywa chai bila sukari. Nimejua anacheka kwa pua.

Akasema kilichoniponza ni haraka na kujifanya. Nimemwambia ni kweli kabisa. Nimebadilika.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Habari kubwa! Nashipae alinisimamisha baada ya misa. Mama yake anakuja kutoka Rombo Jumapili ijayo na anataka kuniona. Masila alisikia. Alivaa miwani ya jua ndani ya kanisa.

Nimefika nyumbani nikajiangalia kwa kioo. Mvi! Zimetoka wapi? Mama atasema binti yake ameleta babu. Jentrix anasema mvi zinanipendeza, na kama nimeshikilia, yeye ako na dawa nzuri ya kuzifanya nyeusi, ila kwanza aijaribu kidogo nyuma ya sikio langu, tungoje mpaka Jumanne tuone.

Jumanne! Wakati niko na nusu mkebe wa rangi nyeusi ya mageti hapa chini ya kitanda! Kibandiko kinasema haipauki juani na haitoki kwa mvua. Brashi nimeshailoweka.